Shajara ya jaribio la sita: kuacha sigara ukiwa umeshashindwa mara tano

Mvutaji wa shajara hii ni wa mfano. Anaishi Dar es Salaam, anavuta sigara 20 kwa siku, ameacha mara tano na mara tano amerudi. Tumemchagua hivyo makusudi. Maelekezo mengi huandikiwa mtu anayeacha kwa mara ya kwanza, ilhali wa mara ya sita ana shida ya ziada: hajiamini tena, na watu wa nyumbani wakisikia "naacha" wanacheka. Dozi, siku na hatua zilizomo humu ni za kweli. Anayetaka kuifuata aweke namba zake badala ya hizi.

Siku ya 1 ni siku ya kwanza bila sigara.

Siku 21 kabla: ukaguzi wa majaribio matano

Nia alikuwa nayo mara zote tano, kwa hiyo nia haiwezi kuwa ndiyo iliyopungua. Kazi ya leo ni daftari na safu nne: alidumu siku ngapi, sigara ya kurudia ilivutwa saa ngapi, ilitoka wapi, na alikuwa akitumia msaada gani.

Jaribio la 1: siku 2. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pakiti iliyobaki juu ya kabati. Msaada: hakuna.
Jaribio la 2: siku 3. Saa tisa alasiri, sigara moja ya kununua kioski cha karibu na kazini, baada ya kugombana na mteja. Hakuna.
Jaribio la 3: siku 6. Saa mbili usiku, kijiwe cha kahawa, alipewa. Hakuna.
Jaribio la 4: siku 31. Ramadhani nzima alivuka, akavuta Idi pili barazani kwa shemeji. Alipewa. Hakuna.
Jaribio la 5: siku 22. Kijiwe kilekile cha kahawa, alipewa. Bigijii ya nikotini, lakini aliiacha siku ya 8 kwa sababu ya kwikwi na kichefuchefu.

Sasa soma safu ya tatu peke yake. Sigara tatu kati ya tano alipewa bure, moja aliinunua ya rejareja. Ni moja tu iliyotoka kwenye pakiti yake mwenyewe. Maana yake ile kazi ya kutupa pakiti na vibweta vya majivu, ambayo kila mara aliifanya kwa mbwembwe, ilikuwa inaziba tundu moja kati ya matano.

Soma na safu ya kwanza. Mara mbili alianguka ndani ya siku nne za mwanzo: hapo mwili ndio uliomshinda, arosto, yaani mwili kudai nikotini iliyokatika. Mara tatu alianguka baada ya hapo, mwili ukiwa umeshaanza kutulia: hapo ni mahali na watu. Hizi ni hitilafu mbili tofauti na kila moja ina dawa yake. Alichokuwa akifanya ni kuzitibu zote kwa kukaza meno.

Namba mbili za kuweka kwenye ukurasa wa kwanza, kwa siku ambayo mtu atamwambia "wewe huwezi". Kati ya watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu ambao huwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12, na wengi huanguka ndani ya siku 8 za kwanza. Majaribio manne kati ya matano yake yalikuwa ya namna hiyo, kwa hiyo alikuwa anacheza mchezo ambao karibu kila mtu hufungwa. Pili, watafiti waliofuatilia wavutaji wa Ontario, Canada, walikadiria mwaka 2016 kwamba mvutaji wa kawaida huenda akahitaji majaribio 30 au zaidi kabla ya kuacha moja kwa moja. Kwa kipimo hicho, wa jaribio la sita bado yuko mwanzoni.

Siku 14 kabla: dawa

Swali linalopima uraibu haraka kuliko mengine: baada ya kuamka, sigara ya kwanza inawashwa dakika ya ngapi? Huyu ni dakika ya 10. Ndani ya dakika 30 maana yake uraibu ni mzito na bigijii inayomfaa ni ya miligramu 4. Zaidi ya dakika 30, ya miligramu 2 inatosha.

Mpango: plasta ya nikotini pamoja na bigijii. Plasta inamwaga nikotini kidogo kidogo kutwa nzima na kushusha arosto ya chinichini. Bigijii ni ya kuzima hamu inayoruka ghafla. Dawa za nikotini huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa takriban nusu, na kuziunganisha mbili kunashinda kutumia moja.

Hesabu ya plasta kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku:
miligramu 21, wiki 6 = plasta 42
miligramu 14, wiki 2 = plasta 14
miligramu 7, wiki 2 = plasta 14
Jumla 70.

Si kila duka la dawa linaziweka, ndiyo maana kazi hii iko wiki mbili kabla. Tarehe isipangwe mpaka angalau za wiki tatu ziko mkononi. Ikipatikana bigijii peke yake, basi ni kipande kimoja kila saa moja hadi mbili kwa wiki 6 za kwanza, kisha kila saa mbili hadi nne kwa wiki 3, kisha kila saa nne hadi nane kwa wiki 3 za mwisho. Isizidi vipande 24 kwa siku.

Vidonge vya vareniclini na bupropioni, ambavyo navyo husaidia kuacha sigara, vinaandikwa na daktari. Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2021. Vareniclini huanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha: miligramu 0.5 mara moja kwa siku kwa siku 3, kisha miligramu 0.5 mara mbili kwa siku kwa siku 4, kisha miligramu 1 mara mbili kwa siku mpaka wiki ya 12. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, aanzie kwa daktari kabla ya kugusa chochote kati ya hivi.

Tukirudi kwenye jaribio la 5: kwikwi na kichefuchefu vilitoka wapi? Alikuwa akitafuna bigijii ya nikotini kama bigijii ya dukani, mfululizo, akimeza mate. Nikotini ya bigijii inapaswa kupita kwenye ngozi ya ndani ya shavu. Ikimezwa inakwenda tumboni, haifanyi kazi yake, inaleta kwikwi na kiungulia. Namna yake ni hii: tafuna polepole, mara chache tu, mpaka ulimi uanze kuwasha kama umetafuna pilipili manga. Acha. Iegeshe kati ya shavu na fizi. Baada ya dakika moja hivi mwasho unapotea. Tafuna tena mara chache, hamishia shavu la pili, egesha. Endelea hivyo dakika 30 kisha tema. Na isiingizwe mdomoni ndani ya dakika 15 baada ya kahawa, soda, juisi ya chungwa au ukwaju, kwa sababu ukali wa vinywaji hivyo unazuia nikotini kupenya. Yeye alikuwa akiitafuna huku anakunywa kahawa. Dawa haikumshinda, haikuwahi kumwingia.

Tumeandika hili kwa wino mwekundu. Watu wengi hutupa kifaa kizuri kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kinavyoshikwa.

Siku 7 kabla: ramani ya sigara 20

Wiki hii anavuta kama kawaida, ila haruhusiwi kuwasha kabla ya kuandika: saa, mahali, yuko na nani, hamu kiasi gani kutoka 1 hadi 5. Karatasi inakunjwa na kuwekwa ndani ya pakiti yenyewe, kati ya sigara na karatasi ya fedha, ili asiweze kuchomoa moja bila kuigusa.

Zilizopata 5 ni sita tu: ya kuamka, ya baada ya chai, ya baada ya chakula cha mchana, ya kushuka kwenye daladala, mbili za kijiweni. Nyingine nyingi ni 1 na 2. Zile ni za mkono, si za mwili, na nyingi hatazikumbuka baada ya wiki mbili. Zile sita kila moja inaandikiwa mbadala wake, kwa jina na mahali. "Nitajishughulisha" si mbadala. Mbadala ni "nikishuka kituoni navuka barabara upande usio na kioski".

Hesabu nyingine ambayo husahaulika: sigara 20 kwa dakika 5 ni dakika 100 kwa siku. Kuanzia siku ya 1 zitakuwa tupu, na utupu huo unasumbua kama arosto yenyewe.

Anauliza kama apunguze kwanza, 15, kisha 10, kisha 5. Hapana. Anayepunguza huvuta kila moja kwa nguvu zaidi mpaka kichungi kiungue, na nikotini haipungui kwa kiasi ambacho sigara zimepungua. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa 2016 lililinganisha njia hizo mbili: baada ya wiki 4, asilimia 49 ya walioacha siku moja walikuwa bado hawavuti, na asilimia 39 ya waliopunguza kwanza.

Tarehe iliyochaguliwa ni Jumanne ya kawaida, yenye kazi za kawaida. Tumekataa Jumapili kwa sababu ya zile dakika 100. Ramadhani nayo ina faida yake, takriban saa 13 za mchana zinapita bila sigara na hakuna anayekupa. Lakini jaribio la 4 limeonyesha lango liko wapi: anayetumia mwezi huo aandike mpango wa Idi kabla ya mwezi kuandama.

Siku 1 kabla: maneno ya kusema

Nyumba imesafishwa, mifuko ya makoti imekaguliwa, shati mbili zimefuliwa, kiberiti kimoja kimebaki jikoni. Hilo ni tundu la kwanza.

Tundu la rejareja: anakwenda mwenyewe kwa Mangi wa pale mtaani na wa karibu na kazini. Sentensi moja: "Mangi, kuanzia kesho usiniuzie hata moja, hata nikikuomba." Wengi hukubali na hulishika kuliko mtu anavyotarajia. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau 10. Sigara moja ndiyo bei nafuu kuliko zote ya kuvunja mwezi mzima wa kazi.

Tundu la kupewa: wale wa kijiweni wanaambiwa leo, mchana, kabla ya kahawa. Asiseme "naacha", wameshaisikia mara tano. Aseme "msinipe". "Naacha" inawapa nafasi ya kubishana, "msinipe" ni ombi tu.

Siku ya 1

Plasta saa kumi na mbili asubuhi, sehemu ya juu ya mkono, ngozi kavu isiyo na nywele wala mafuta. Bonyeza kwa kiganja sekunde 10. Osha mikono. Kesho inahamia upande mwingine, na sehemu moja isirudiwe kabla ya wiki. Kuwasha kidogo saa ya kwanza ni kawaida. Ikileta ndoto za ajabu au kukosa usingizi, ivuliwe wakati wa kulala.

Hamu zilizoandikwa: 14. Ndefu kuliko zote dakika 6, nyingi dakika 3 hadi 5. Aliandika saa ya kuanza na saa ya kwisha, na hapo ndipo kazi ya saa ilipo: hamu inapokujia hujui kwamba ina mwisho, karatasi ndiyo inajua. Bigijii vipande 7.

Kahawa: kutoka vikombe sita hadi vitatu, vile vidogo vya kijiweni. Hili halina mjadala. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Moshi ukikatika, ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache, na kahawa ileile inabaki mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi unakata, na mtu anadhani ni arosto. Plasta haizuii hilo kwa sababu kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini. Kwa sababu hiyohiyo anayetumia warfarini, theofilini, klozapini au olanzapini, na, kwa sababu nyingine, mwenye kisukari anayechoma insulini, amjulishe daktari wake kabla ya siku ya 1, dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa.

Siku ya 3

Kilele. Hasira, njaa, kichwa hakishiki jambo, kukaa kitako hakuwezekani. Majaribio ya 1 na 2 yalifia hapa. Arosto hupanda siku ya 2 na ya 3, kisha inashuka kwa wiki mbili hadi nne. Leo hakuna kazi nyingine ya mradi zaidi ya kuvuka.

Hamu 17. Karafuu kavu kwenye kikopo cha dawa kwa ajili ya mkono na mdomo. Ugoro, tambuu yenye tumbaku na shisha vimepigwa marufuku kwenye ukurasa huu kwa jina, kwa sababu kila mmoja wao ni njia ya uchochoroni kuelekea nyumba ileile.

Siku ya 6

Kijiwe. Angeweza kukikwepa, lakini mtu anayejinyima kijiwe kwa miezi mitatu anapoteza na watu wake, na upweke nao huwarudisha wengi kwenye sigara. Utaratibu: bigijii kwanza nyumbani, dakika 30, itemwe, ndipo aende. Kikombe kimoja. Akae mwisho wa benchi upande upepo unakotoka. Pakiti ikitolewa, anaaga. Alikaa dakika 25. Alipewa mara moja, na aliyempa akakemewa na mwenzake.

Siku ya 11: ameteleza

Msibani, usiku, wanaume wamekaa nje kwenye viti vya plastiki. Mikupuo miwili ya sigara ya jirani.

Ukurasa huu ndio muhimu kuliko yote na umeandikwa kabla haujahitajika, wiki tatu zilizopita, ili usiandikwe na mtu mwenye aibu. Unasema:

Izime hiyo iliyo mkononi. Plasta isivuliwe. Hesabu isirudi sifuri: andika "siku 11, mikupuo 2". Jaza safu nne, leo, kabla ya kulala. Badilisha jambo moja tu.

Kinachowamaliza watu hapa si nikotini ya mikupuo miwili. Ni ile sentensi "nimeshaharibu", inayogeuza mikupuo miwili kuwa pakiti ya kesho asubuhi. Majaribio ya 3, 4 na 5 yote yalikufa hivyo, kwa sigara moja ya kupewa ambayo haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Safu nne: saa tano usiku, msibani, alipewa, plasta ipo, bigijii iliachwa nyumbani. Badiliko: ukanda wa bigijii unahamia kwenye pochi, pamoja na nauli. Kwisha.

Siku ya 23

Amepita rekodi ya jaribio la 5. Hamu 3 kwa siku, fupi. Hatari imegeuka: sasa anajisikia vizuri kiasi cha kusahau plasta, na jana aliisahau. Plasta ni kozi, haikatizwi kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

Kikohozi kimeongezeka, akaogopa. Vinyweleo vya njia ya hewa vilivyolazwa na moshi vinaanza kuamka na kusukuma makohozi nje. Hupungua kwa wiki kadhaa. Kikitoa damu au kikikataa kupungua, hospitali. Vidonda vidogo vya mdomo na choo kigumu navyo hutokea. Maji, mapapai, mboga za majani.

Uzito: kilo 2 zimeongezeka. Wastani ni kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza. Tumekataa kuanza kupunguza chakula sasa. Vita viwili kwa wakati mmoja ni vingi. Mihogo ya kukaanga ya saa kumi imebadilishwa na matango na karanga za kupima kwa kikombe cha kahawa, basi.

Siku ya 43

Plasta ya miligramu 14 imeanza. Siku mbili za kununa, kisha kimya. Vipokezi vya nikotini kwenye ubongo, ambavyo uvutaji huviongeza idadi, huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kurudi kiwango cha asiyevuta. Kwa hiyo kununa kwa wiki ya 7 si dalili kwamba "mimi nimeumbwa hivi".

Siku ya 71

Hakuna plasta. Bigijii kipande kimoja au viwili kwa siku, wakati mwingine hakuna.

Siku ya 90

Hamu moja kwa wiki, na karibu zote zina anwani: daladala ya jioni mvua ikinyesha, ugomvi wa simu. Mikupuo tangu siku ya 1: miwili.

Ukaguzi unaofuata ni siku ya 97, kabla ya safari ya harusi Tanga. Usiku mbili, mashemeji walewale wa Idi pili. Vya kufanya: kuwapigia wawili kati yao wiki hii na kuwaambia "msinipe", bigijii za miligramu 4 vipande 20, karafuu, kulala kwa mama mkubwa badala ya kwenye nyumba ya wanaume, daftari, likiwa na safu nne zimeshachorwa.